Mfupa unajuaje jina lake?

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama mzaliwa wa Bukavu, sasa naishi Liège. Mwezi wa tano nilisindikiza darasa la mwanangu kwenye makaburi ya Wamarekani pale Neupré. Tulikuta misalaba isiyo na jina, imeandikwa tu kwamba aliyelala hapo ni askari anayejulikana na Mungu peke yake. Aliyetutembeza akasema baadhi ya hao walianguka na ndege kule Rumania mwaka 1943, na miaka hii ya karibuni wamefukuliwa, wakapelekwa Amerika, wakapata majina. Njiani mwanangu akaniuliza: "Mama, mfupa unajuaje jina lake?" Nikakosa la kumjibu. Na mimi nina yangu. Rumania na Ubelgiji wapi na wapi? Mkisema ni DNA, inalinganishwa na ya nani, ikiwa wazazi wa yule mtu walishakufa zamani? Mwisho, babu yake baba yangu alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Wabelgiji kwenda Tabora mwaka 1916, hakurudi. Je, huyo naye anaweza kutafutwa hivyo?

Jibu

Marahaba, mama. Mwanao ameuliza swali ambalo wanafunzi wangu wa chuo huwa wanaliruka. Mfupa haujui jina lake. Nikishika mfupa wa paja naweza kukadiria urefu wa mwenyewe, nikiona nyonga nitakwambia kama alikuwa mume au mke, nikitazama ncha za mifupa zilivyofunga nitakisia alikuwa na miaka ishirini au arobaini. Jina halimo. Jina liko kwenye karatasi za watu waliokufa na kwenye mate ya watu walio hai, na kazi yote ni kuvikutanisha hivyo viwili na mfupa. Kukikosekana kimoja, maabara ya gharama yoyote itabaki inatazamana na mfupa.

Tuanze na Rumania. Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1943, alfajiri, ndege 177 za Marekani aina ya B-24 ziliruka kutoka viwanja vya karibu na Benghazi, Libya. Zilikuwa zinaelekea Ploiești, mji wenye viwanda vya kusafishia mafuta vilivyolilisha jeshi la Hitler. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 3,800. Ndege hizi kubwa za mabomu zilitengenezwa kupita juu sana, lakini siku hiyo ziliamriwa kupita chinichini, juu kidogo ya vilele vya miti, ili zisionekane mapema. Mizinga ya kutungulia ndege ilikuwa imewasubiri. Waamerika 310 walikufa, na ndege zaidi ya 50 hazikurudi.

Nimchukue mmoja tu kati ya hao, maana habari zake ziko wazi na kisa chake kinajibu karibu maswali yako yote. Luteni Kanali Addison Baker, mzaliwa wa Chicago, miaka 36, alikuwa kamanda wa Kundi la 93 la ndege hizo za mabomu. Kiongozi wa msafara alikata kona kabla ya wakati wake, kwenye mji wa Târgoviște, akaelekea Bucharest badala ya Ploiești. Baker alikuwa nyuma yake. Redio zilikuwa zimezimwa kwa amri. Alipoona wanapotea akageuza ndege yake kuelekea kwenye viwanda, na kundi lake likamfuata. Kabla hawajafika, ndege yake ikapigwa na mizinga, ikashika moto. Chini yao kulikuwa na mashamba tambarare ambako angeweza kutua. Hakutua, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mbele na wengine wote walikuwa wanamtazama. Aliwafikisha kwenye shabaha, kisha akajitoa kwenye msafara na kujaribu kuipandisha ndege ili watu wake wapate urefu wa kuruka kwa miavuli. Haikupanda. Ikaanguka inawaka, na wote waliokuwemo wakafa.

Kiti cha pembeni yake, kama rubani msaidizi, alikuwa amekaa Meja John Jerstad, kijana wa miaka 25 kutoka Racine, Wisconsin. Jerstad alikuwa amekwisha kumaliza idadi ya safari zake za vita. Hii aliiomba mwenyewe. Wote wawili walitunukiwa Nishani ya Heshima, ambayo ni kubwa kuliko zote katika jeshi la Marekani, baada ya kufa kwao.

Shika hilo la viti viwili vya jirani, nitalirudia.

Sasa, makaburi. Miili iliyopatikana Ploiești ilizikwa hapohapo, katika sehemu ya mashujaa ya makaburi ya Bolovan. Waliotambulika waliandikwa majina, wasiotambulika wakaandikwa hivyo. Fikiria hali yenyewe: ndege iliyojaa petroli na mabomu, imeanguka kwa kasi kutoka mita chache juu ya ardhi, tena ndani au karibu na kiwanda cha mafuta kinachowaka. Vile vibati vya shingoni vyenye jina na namba ya askari vilitenganishwa na shingo. Watu karibu kumi walikuwa ndani ya bomba moja la bati. Aliyewakusanya hakuweza kuapa kwamba hiki ni cha fulani na kile ni cha fulani.

Vita vilipokwisha, jeshi la Marekani lilikuwa na kitengo maalumu cha kutafuta na kuzika upya wafu wake. Familia ziliulizwa: arudishwe nyumbani, au alale ng'ambo kwenye makaburi ya kudumu ya Marekani? Rumania haikuwa na makaburi ya kudumu ya Wamarekani, kwa hiyo wa Bolovan walifukuliwa wote. Na hapa ndipo Ubelgiji inapoingia, mama. Hapo Neupré ulipotembea palikuwa kituo kikuu cha kitengo hicho cha utambuzi kwa miaka mingi. Mabaki yaliletwa hapo yakanyooshwa mezani, wakalinganisha meno na kadi za madaktari wa meno wa jeshi, wakapima urefu, wakatafuta alama za dobi kwenye vipande vya nguo. Jerstad alitambuliwa kwa njia za namna hiyo. Baker hakutambuliwa. Kati ya waliotoka Bolovan, zaidi ya 80 walibaki bila majina, kila mmoja akapewa faili lenye herufi X na namba, wakazikwa Ubelgiji kwa heshima zote: wengine hapo Neupré, wengine Henri-Chapelle upande wa pili wa Liège. Jina la Baker likachongwa kwenye ukuta wa waliopotea katika makaburi ya Wamarekani ya Florence, Italia. Kwa hiyo mtu aliyeruka kutoka Afrika na kufia Rumania alikuwa na jina lake Italia na mifupa yake Ubelgiji, na hakuna aliyejua kuwa viwili hivyo ni vya mtu mmoja.

Watu husema "DNA" kana kwamba unaweka mfupa kwenye mashine na jina linatoka kama risiti. Kabla ya mfupa kuguswa, kuna miaka ya kukaa na makaratasi. Shirika la Marekani linaloshughulika na wafungwa wa vita na waliopotea, DPAA, lina wanahistoria kwa ajili ya kazi hii tu. Wanasoma faili la X fulani: alifukuliwa safu ya ngapi, nani alikuwa jirani yake kaburini, ndege gani ilianguka mtaa gani, walinzi wa Rumania waliandika nini. Wanafikia orodha fupi ya watu wanaoweza kuwa yeye. Orodha ikiwa ndefu kupita kiasi, kaburi halifunguliwi. Kanuni yao ya mwaka 2015 inadai kwamba kwa kaburi la mtu mmoja, uwezekano wa kufaulu uwe angalau nusu kwa nusu. Na kama ni kundi lililochanganyika, wawe wameshapata sampuli za jamaa wa angalau asilimia 60 ya wanaodhaniwa kuwemo. Naipenda kanuni hii. Kufukua maiti kwa kubahatisha ni utovu wa adabu, hata kama umevaa koti jeupe.

Mwaka 2017 walianza kufungua makaburi ya wale wa Ploiești. Mabaki yakapelekwa Nebraska, kwenye maabara iliyoko katika kambi ya anga ya Offutt. Kazi ya kwanza huko ni ya watu wa fani yangu: kupanga mifupa, kuhesabu, kuangalia kama kaburi la "mtu mmoja" lina mifupa miwili ya paja la kushoto. Mara nyingi inakuwemo. Vipande vidogo hukatwa vikapelekwa maabara ya vinasaba ya jeshi, Delaware.

Na hapo nalijibu swali lako la DNA inalinganishwa na ya nani. Waswahili tuna bahati: lugha yetu imekwisha kugawa ukoo katika kuumeni na kukeni, na ndivyo hasa vinasaba hivi vinavyotembea.

Ndani ya kila chembe ya mwili kuna vitu vidogo vinaitwa mitokondria, navyo vina DNA yao wenyewe. Hii tunairithi kwa mama peke yake. Inapatikana nakala mamia au maelfu katika chembe moja, wakati DNA ya kwenye kiini ina nakala mbili tu. Ndiyo maana mfupa ulioungua na kukaa ardhini miaka sabini unaweza kuwa umepoteza ile ya kiini lakini bado ukatoa ya mitokondria. Askari alikuwa na ile ya mama yake. Dada yake wa tumbo moja anayo. Watoto wa dada, yaani wapwa zake, wanayo, na binti wa dada atawapa wanawe. Mama mkubwa na mama mdogo wanayo, na watoto wao pia. Lakini watoto wa askari mwenyewe hawana, maana wao walichukua ya mama yao. Shangazi yake hana.

Upande wa kuumeni kuna kromosomu Y, inayotoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume. Kaka wa baba mmoja anayo, wana wa kaka wanayo, baba mdogo na baba mkubwa wanayo pamoja na wana wao wa kiume. Binti wa kaka? Hana ya kukeni wala ya kuumeni. Anaweza kuwa ndiye aliyemlilia ami yake miaka yote na kutunza picha yake sebuleni, na kipimo cha aina hizi mbili kikamwambia asante, tunamtaka mtoto wa shangazi yako. Binti wa kumzaa huyo askari naye yuko hivyohivyo, ila yeye ana nusu ya DNA ya kiini ya baba yake, na mfupa ukiwa na hali nzuri hiyo inatosha kabisa.

Kwa hiyo, mama, wazazi wakifa njia haifi. Wachunguzi wa nasaba wanapekua vitabu vya ndoa na sensa hadi wampate bibi mmoja mahali fulani, ambaye ni mjukuu wa mama mdogo wa rubani na pengine hajawahi kumsikia. Jeshi linampigia simu, linamtumia bahasha yenye vijiti vya pamba, anasugua ndani ya shavu, anarudisha kwa posta. Basi.

Mwanao akisema "kumbe ni rahisi", mzuie kidogo. DNA ya mitokondria si alama ya kidole. Watu wengi wasiojuana wanashiriki ileile, kwa sababu waliachana kwa bibi wa miaka mingi iliyopita. Kinachofanyika zaidi ni kuondoa majina: huyu hafanani na kina A, B, na C, anafanana na D. Kama historia imeshakuhakikishia kwamba mtu huyu lazima awe mmoja wa wanne, D ndiye. Kama hukufanya kazi ya makaratasi, D anaweza kuwa nusu ya mji. Juu ya hapo unaweka meno, urefu, umri, na mahali alipookotwa. Hakuna ushahidi mmoja unaobeba jina peke yake.

Na fani yangu nayo ina aibu yake. Mwaka 1972 rubani kijana wa Marekani, Michael Blassie, alitunguliwa Vietnam karibu na An Lộc. Mifupa michache ilipopatikana, ilipelekwa ikiwa na maelezo kwamba inadhaniwa kuwa yake. Baadaye wataalamu wa mifupa wakakadiria umri na urefu, wakaona havimfanani, na mwaka 1980 jina lake likafutwa kwenye lile faili. Mwaka 1984 mabaki hayo yakazikwa Arlington, makaburi makuu ya jeshi la Marekani karibu na Washington, katika Kaburi la Askari Asiyejulikana, mbele ya taifa zima. Mwaka 1998 kaburi likafunguliwa, vinasaba vya mama yake na dada yake vikalingana. Alikuwa Blassie. Karatasi ya kwanza ilikuwa sahihi, wenye vipimo vya mifupa ndio waliokosea. Kisa hiki ninakisimulia kila mwaka darasani, na kila mwaka yupo mwanafunzi anayenitazama kwa jicho la "na wewe je?"

Baker alitambuliwa rasmi Aprili 2022, karibu miaka 79 baada ya kufa. Septemba mwaka huohuo alizikwa Arlington. Desturi ya Wamarekani ni kwamba mtu akipatikana, jina lake halifutwi kwenye ukuta wa waliopotea. Wanabandika ua dogo la shaba kando yake. Sasa rudi kwenye vile viti viwili. Watu wawili walikufa dakika moja, mkono kwa mkono. Mmoja alipata jina lake katika miaka michache, mwingine akangoja hadi wapwa wake wazeeke. Hakuna sababu ya kishujaa hapo: pengine ni suala la nani alibakiza meno yanayosomeka na nani hakubakiza.

Usidhani kila nchi inafanya hivi. Waingereza na wenzao wa himaya yao walipoteza askari 55,573 wa ndege za mabomu katika vita hivyo, na ukuta wa Runnymede, karibu na London, una majina zaidi ya 20,000 ya askari wa anga wasio na kaburi linalojulikana. Lakini wao hawafungui kaburi la asiyejulikana ili kupima vinasaba. Msimamo wao ni kwamba aliyelazwa amelazwa. Wanapima tu anayeibuka mwenyewe, kwa mfano mkulima akilima au ziwa likikauka. Uholanzi tangu 2019 ina mpango wa taifa wa kuopoa ndege zenye mabaki ya watu, na mwaka 2020 waliitoa ndege ya Kiingereza aina ya Stirling kutoka ziwa la Markermeer. Mimi binafsi nawaelewa Waingereza zaidi kuliko ninavyokubaliana nao. Mama anayejua kwamba mwanawe ni mmoja kati ya hawa wanne ana maumivu tofauti na mama asiyejua kama alifika chini.

Nimechelewesha la babu yako kwa sababu ni gumu, na sitaki kukupa matumaini ya bei rahisi. Neupré kulikuwa na mfupa usio na jina. Wewe una jina lisilo na mfupa. Njia ya Baker inaanzia kwenye kaburi lenye namba na orodha ya waliokuwemo ndani ya ndege. Wabeba mizigo wa 1916 wengi walikufa kwa kuhara, homa na njaa, wakafukiwa kando ya njia na wenzao, na msafara ukaendelea. Hakuna namba ya safu. Hata upande wa Waingereza, walioandika kuliko wengine, tume iliyoundwa na shirika lao la makaburi ya vita ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Ripoti hiyo haihusu waliochukuliwa na Wabelgiji kama babu yako. Dar es Salaam mtaa mzima unaitwa Kariakoo kutokana na kikosi cha wapagazi, na ukimuuliza muuza nyanya wa hapo jina la mpagazi mmoja atakucheka. Tofauti ya Baker na babu yako haikuanzia maabara. Ilianzia siku ya kuandikishwa, mmoja alipotolewa kadi ya meno na mwingine kamba ya kufungia mzigo.

Vinasaba vyako, basi, havina cha kulinganishwa nacho leo. Lakini kuna la kufanya ambalo ni lilelile walilofanya wanahistoria wa DPAA kabla ya kugusa koleo. Andika jina lake lote kama lilivyotamkwa nyumbani, si kama Mzungu angeliandika. Jina la kijiji alikochukuliwa na la chifu wa wakati huo. Waliochukuliwa pamoja naye na nani kati yao alirudi, maana aliyerudi ndiye aliyeleta habari. Kama una mzee yeyote Bukavu wa ukoo huo, mrekodi kwa simu mwezi huu. Andika pia watoto wa dada zake ni kina nani, na wana wa kaka zake. Uko Ubelgiji, na nyaraka za jeshi la kikoloni la Kongo zilihifadhiwa Brussels. Ukienda na jina la kijiji na mwaka, una pa kuanzia kuliko ukienda na huzuni tu. Unaweza kutoka mikono mitupu. Wengi hutoka hivyo.

Mkirudi Neupré na mwanao, misalaba ya waliotunukiwa Nishani ya Heshima imeandikwa kwa herufi za dhahabu, utaiona kwa mbali jua likipiga. Mwambie amtafute Jerstad. Bado yuko hapo.